Pioneer SX-750 Katika Sebule ya Mbeya: Tathmini ya Risiva ya Mwaka 1976 na Vyombo Vinavyoandamana Nayo

Risiva ya Pioneer SX-750, yaani redio na kikuza sauti ndani ya boksi moja, iliyoingia sokoni mwaka 1976, ndiyo inayotoa sauti sebuleni kwetu Forest ya Zamani, hapa Mbeya, na haikuwekwa pale iwe pambo. Asubuhi huwashwa kwa ajili ya taarifa ya habari, mchana hupumzika, na jioni huwashwa tena kwa ajili ya santuri au muziki uliomo kwenye simu za watoto. Imeunganishwa na mashine ya santuri ya Pioneer PL-12D, deki ya kaseti ya Akai na jozi ya spika za Wharfedale Linton. Mzee wangu aliununua mtambo huu wote Kitwe, wakati akifanya kazi Copperbelt, eneo la migodi ya shaba la Zambia, kama walivyofanya Wanyakyusa wengi wa rika lake, na ukavuka mpaka wa Tunduma juu ya lori ukiwa umeviringishwa kwa mablanketi. Naandika tathmini hii kwa sababu vyombo vya namna hii vimeanza kuonekana tena kwa wauza mitumba, na watu huniuliza kama vinafaa kununuliwa. Jibu langu halifanani kwa vyombo vyote: risiva naipendekeza bila kusita, mashine ya santuri naipendekeza kwa masharti, spika zinategemea zilitengenezwa kwa malighafi gani, na deki ya kaseti siipendekezi.

Nianze na namba, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa. Kiwanda kilitangaza kwamba SX-750 hutoa wati 50 kwa kila upande, kwenye spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), pande zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, na upotoshaji wa sauti usiozidi asilimia 0.1. Mtu aliyezoea maboksi ya sabufa ataziona wati 50 kuwa ni chache mno, maana hata sabufa ya bei ya chini kabisa huandikwa maelfu ya wati kwa tarakimu kubwa. Tofauti iko katika namna ya kupima. Mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliweka kanuni iliyowalazimisha watengenezaji wa vikuza sauti vya nyumbani kutangaza nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo, pamoja na masafa na kiwango cha upotoshaji wakati wa kupimwa, na viwanda vya Japani, ambavyo soko la Marekani lilikuwa tegemeo lao kubwa, vikafuata kanuni hiyo. Maelfu ya wati yanayoandamana na herufi PMPO kwenye sabufa hayana kipimo chochote kilichokubaliwa nyuma yake. Igeuze sabufa hiyo usome kibandiko chake: mara nyingi utakuta kwamba umeme wote unaoingia kutoka ukutani ni wati 30 au 40, na hakuna chombo kinachoweza kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko ile inayoingia. Ukijaribu kuinyanyua SX-750 kwa mkono mmoja utaelewa wati zake zinatoka wapi, kwa sababu transfoma iliyomo ndani ni pande kubwa la chuma na shaba ambalo leo watengenezaji wa vyombo vya bei nafuu wasingekubali kulilipia.

Kuhusu sauti yenyewe, sifa yake kubwa ni jinsi inavyotenganisha vyombo na sauti za watu. Katika muziki wa dansi wa miaka ya 1970, ambao magitaa matatu au manne hupigwa kwa kupishana, gitaa la solo, la rithim na la besi husikika kila moja mahali pake, na mwimbaji husimama katikati ya spika mbili bila kumezwa na tarumbeta. Kwaya ndiyo kipimo changu cha pili, na nyanda hizi za juu hazina uhaba wa kwaya, ziwe za Kimoravian, za Kilutheri au za Kikatoliki. Kwenye sabufa, sauti ya tatu na ya nne huchanganyika zikawa mvumo mmoja, ilhali kwenye mtambo huu mtu anayeujua wimbo anaweza kufuata mstari wa besi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuna kitufe cha kuongeza besi na sauti nyembamba pale unaposikiliza kwa sauti ya chini, kilichowekwa kwa sababu sikio la binadamu husikia besi kwa udhaifu kadiri sauti inavyopungua. Kwa anayesikiliza usiku wakati wengine wamelala, kitufe hicho kina thamani kubwa.

Lakini asinunue risiva hii mtu anayetaka mdundo wa kutikisa vioo vya madirisha ya jirani. Singeli na muziki mwingi wa sasa vimetengenezwa vikitegemea besi ya chini sana ambayo spika za Linton haziifikii, na mwanangu mkubwa, ambaye ndiye mpinzani wangu katika jambo hili, husema wazi kwamba muziki wake unasikika umekonda. Siwezi kumbishia. Kwa sherehe ya uwanjani sisi nasi hukodi sabufa.

Upande wa redio, SX-750 hupokea FM na masafa ya kati peke yake, kwa hiyo aliyetarajia kutafuta vituo vya masafa mafupi atakosa. FM yake ni nzuri kuliko ya simu na ya redio nyingi mpya. Mita mbili ndogo za mshale, moja ikionyesha nguvu ya mawimbi na nyingine ikionyesha kama umesimama katikati ya kituo, si urembo tu, kwa kuwa Mbeya imezungukwa na milima na mawimbi yanayogonga mlima kisha kurudi huharibu stirio. Waya wa antena ukisogezwa huku ukiangalia mshale, tofauti husikika papo hapo. Vituo vya hapa mjini huingia bila kelele, na kutafuta kituo kwa kuzungusha kile kitufe kikubwa kilichounganishwa na gurudumu zito ni raha ambayo kitufe cha kubonyeza hakiwezi kuitoa.

Hapa nitoe onyo kwa wanaoagiza vyombo vilivyotumika kutoka Japani, au wanaovikuta vimeletwa pamoja na shehena nyingine. Risiva iliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe haifanani na iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, hata kama sura ni moja. FM ya Japani ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, wakati yetu hufika 108, kwa hiyo vituo vyetu vingi havitapatikana kabisa, na hakuna fundi wa kawaida atakayelirekebisha hilo kwa kukaza skrubu. Umeme wa majumbani kule ni volti 100, wetu ni volti 230. Mtu akiichomeka risiva ya volti 100 kwenye soketi ya hapa, fyuzi itakatika ikiwa ana bahati, na asipokuwa na bahati transfoma itaungua. Transfoma ya kushusha umeme hutatua tatizo la volti, lakini iwe yenye uwezo mkubwa kuliko wati zinazoandikwa nyuma ya risiva, na gharama yake iingizwe katika hesabu kabla ya kufurahia bei ya chombo. Yetu, kwa kuwa ilinunuliwa Zambia, ambako umeme una volti na hezi sawa na wetu, haikuhitaji chochote zaidi ya kuhakikisha kwamba kichaguzi cha volti kilichoko nyuma kimesimama kwenye 240 badala ya 220.

Sababu ya risiva hii kuwa hai hadi leo ni mbili, na ya kwanza ni kwamba inafunguka. Ukitoa skrubu za boksi la mbao na sahani ya chini, kila kipande unakiona na kukigusa: transista, vipande vinavyokuza sauti, zimefungwa kwenye vipoza joto, kapasita, vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda, zimesimama zikiwa na maandishi yanayosomeka, waya zimefungwa kwa mpangilio, na hakuna kipande kinachohitaji hadubini. Fundi redio wa kawaida mwenye mita, pasi ya kulehemu na mchoro wa saketi, ambao unapatikana bure mtandaoni, anaweza kuitengeneza. Kikuza sauti cha kisasa kikifa, aghalabu bodi nzima hutupwa.

Sababu ya pili ni Mbeya yenyewe. Kapasita za elektroliti, ambazo ndizo hufa mapema kuliko vipande vingine kwa sababu zina majimaji ndani yanayokauka, hudumu takriban mara mbili zaidi kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai sebule isiyo na jiko huwa baridi kiasi cha kuvalia sweta ndani. Chombo kama hiki kilichokaa miaka hiyo hiyo Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, au Dar es Salaam, yenye joto pamoja na hewa ya chumvi, huwa kimechoka zaidi na kutu zake huonekana kwenye miguu ya transista. Ndiyo maana ningelipa zaidi kidogo kwa risiva iliyotumika Mbeya, Njombe au Iringa kuliko kwa pacha wake wa pwani. Tukuyu naiweka kando, kwa sababu baridi yake inaandamana na mvua na unyevu mwingi, na ukungu hupenda sana mikanda ya kaseti na vitambaa vya spika.

Hata hivyo haijafika hapa bila kutibiwa. Ugonjwa wa kwanza na wa kawaida ni mkwaruzo unaposogeza kitufe cha sauti, au upande mmoja kunyamaza hadi uguse swichi. Hilo ni vumbi na kutu nyembamba kwenye swichi, na hupona kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi za elektroniki, ikifuatiwa na kuzungusha kitufe mara nyingi. Mafuta ya kulainishia bawaba na minyororo hayafai kabisa, ingawa wapo mafundi wanaoyatumia, kwa kuwa huacha utelezi unaokamata vumbi na baada ya muda hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Ugonjwa wa pili ni rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, inayolinda spika. Ukiwasha risiva, husubiri sekunde chache kabla ya kusikika mlio mdogo wa kuunganisha spika, na ikiwa kuna hitilafu inayopeleka umeme wa DC, kama ule wa betri, kwenye spika, rilei hukataa kuunganisha. Vidole vya rilei vikichakaa, upande mmoja husikika kwa mbali mpaka uongeze sauti kwa ghafla. Kubadilisha rilei ni kazi ndogo.

Kapasita ndizo zinazotaka busara. Ushauri unaotolewa sana ni kuzing'oa zote na kuweka mpya, lakini mimi sikubaliani nao. Fundi wetu wa Mwanjelwa alizipima, akabadilisha zilizopungua uwezo na zilizoonyesha kuvuja, na nyingine akaziacha. Uwezo wa kapasita mpya ulilingana na wa zile za awali, na volti ziliwekwa sawa au juu yake: kapasita ya volti 50 hubadilishwa kwa ya volti 63, kamwe si kwa ya volti 35 eti kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Jambo la kutazama kwa makini zaidi ni transista za kutolea nguvu, kwa sababu soko limejaa bandia zilizochapwa majina ya aina zinazojulikana, 2SC5200 na 2SA1943 zikiwa mfano mashuhuri. Bandia huwa na kipande kidogo cha silikoni ndani, na huweza kufanya kazi vizuri kwa sauti ya chini kisha ikaungua siku ya kwanza utakapoongeza, ikaondoka na spika kama rilei itachelewa. Nilipenda namna fundi huyu anavyowasha chombo alichokifungua: hukipitisha kwanza kwenye balbu ya kizamani ya wati 100 iliyounganishwa kwa mfululizo na umeme, na balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia anajua kuna shoti kabla kitu chochote hakijaungua. Fundi asiyekuwa na balbu hiyo sitampa risiva yangu.

Taa ndogo zenye umbo la fyuzi zinazomulika kioo cha masafa huungua kwa zamu. Wengine huweka za LED, ambazo hazipati joto lakini hubadilisha ile rangi ya dhahabu kuwa nyeupe ya hospitali. Mimi natafuta za asili.

Umeme unaopanda na kushuka ni adui mkubwa kuliko umri. Stebilaiza inasaidia, mradi iwe inayokata umeme na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha, kwa sababu ule unaorudi baada ya kukatika ndio unaokuja na kishindo. Kuanzia Novemba hadi Aprili, radi zinapoanza kunguruma, hatutegemei swichi wala stebilaiza. Plagi huchomolewa na waya wa antena pia, jambo ambalo watu husahau ingawa antena iliyoko juu ya bati huweza kuleta radi ndani sawasawa na nguzo ya umeme.

Mashine ya santuri, PL-12D, ni chombo rahisi kinachoendeshwa kwa mkanda wa mpira, na urahisi huo ndio uzuri wake. Mota yake hufuata hezi za umeme, kwa hiyo puli ya shaba iliyoko juu ya mota lazima iwe ya hezi 50. Iliyotoka Marekani au magharibi mwa Japani, ambako umeme ni wa hezi 60, ikichomekwa hapa itazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33 na theluthi, na Mbaraka Mwinshehe atashuka nusu toni tatu hadi asikike kama mtu aliyeamshwa usingizini. Dawa yake ni puli sahihi, ambayo haipatikani kirahisi. Mkanda hulegea au kuyeyuka baada ya miaka, na tabia ya kukata mpira wa baiskeli badala yake huifanya sauti iyumbe. Mkanda wenye kipimo sahihi huagizwa, na kwetu hufika kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Gharama halisi ya santuri ni sindano. Mzee alifunga katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, ya Shure, na kampuni hiyo iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, hivyo sindano halisi zilizobaki zina bei ya kumfanya mtu aahirishe. Tulihamia VM95E ya Audio-Technica, inayofungwa kwa skrubu mbili zile zile na ambayo sindano yake huchomolewa na kubadilishwa bila kugusa waya. Sindano hudumu saa mia kadhaa, pengine hadi elfu moja ikitunzwa na santuri zikifutwa vumbi, na ikiisha haikuambii. Hukwangua mifereji ya santuri kimya kimya. Kwa mtu asiyerithi santuri, sioni sababu ya kuanzia hapa. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na zinazopatikana sasa zimepita kwenye baa nyingi na mikono mingi.

Spika za Linton zetu zina upindo wa mpira kuzunguka koni, na mpira huo bado ni laini. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitumia upindo wa sponji, ambao huoza na kuwa unga hata kama spika haikupigwa, na hapo sauti huanza kukwaruza kwenye besi. Mafundi wengine hutoa spika hiyo na kuweka nyingine ya gari yenye ukubwa sawa, jambo linaloharibu hesabu yote ya boksi. Kubandika upindo mpya ni nafuu na ni bora. Usiunganishe jozi mbili za spika za omu 4 kwa wakati mmoja eti kwa sababu nyuma kuna matundu ya A na B, kwani omu zitashuka mno na transista zitachemka.

Deki ya Akai ni ya aina ya GX, ambayo vichwa vyake vya kioo na feraiti havichakai upesi, na kweli havijachakaa. Vilivyochakaa ni mikanda, roda za mpira na kaseti zenyewe. Tunaitumia kuhamishia sauti za harusi na mahubiri ya zamani kwenye kompyuta, na kazi hiyo ikiisha itafungwa kwenye boksi lake.

Anayekwenda kununua risiva ya namna hii achukue simu yenye muziki anaoujua na waya wa kuunganisha kwenye AUX, tundu la kuingizia sauti kutoka chombo kingine, asome kibandiko cha volti na mwisho wa kipimo cha FM kabla ya kuuliza bei, kisha aiwashe na kusubiri mlio wa rilei. Azungushe vitufe vyote, asikilize pande zote mbili kwa sauti ya chini, halafu aiache iimbe kwa nusu saa na kugusa kipoza joto cha pande zote, maana upande mmoja ukiwa wa moto sana kuliko mwenzake kuna matengenezo yanakuja. Mkwaruzo wa vitufe na taa zilizoungua visimtishe. Avitumie kupunguzia bei. Muuzaji asiyeruhusu chombo kiwashwe hadi kilipiwe abaki nacho.